Maswali ya Wasomaji: Msongo wa Mawazo Humuumiza Nani Zaidi?

Wasomaji kadhaa wametuandikia baada ya kuitazama filamu ya makala iitwayo Stress: Portrait of a Killer, iliyotengenezwa mwaka 2008 na National Geographic pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani. Filamu hiyo inamfuata Profesa Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa chuo hicho, hadi Masai Mara nchini Kenya, alikoanza kuchunguza nyani mwaka 1978. Maoni yao yanatofautiana sana, nami nimechagua barua nne.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni tarishi katika ofisi moja mjini Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita. Siku zote nimesikia kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa, kwa kuwa wao ndio wenye mambo mengi kichwani. Filamu inasema kinyume. Je, wametia chumvi?

Jibu: Marahaba. Hawakutia chumvi, na kwa maoni yangu huo ndio ushahidi ulio imara kuliko mwingine wowote katika filamu nzima. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 18,000, wote wanaume, mjini London. Michael Marmot na wenzake walipochambua matokeo, waliona kwamba watu wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakuu wa ngazi ya juu. Zingatia kwamba watu hao wote walikuwa na ajira, wote walikuwa na haki ya kutibiwa katika huduma ile ile ya afya ya taifa, na hata watafiti walipozingatia sigara, presha na lehemu (kolesteroli), sehemu kubwa ya tofauti ilibaki pale pale. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha watumishi 10,308, wanawake kwa wanaume, ulionyesha sehemu ya sababu: mtu asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe, ambaye hawezi kuamua aanze na lipi wala apumzike lini, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo.

Mwili unapotishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio na sukari huongezeka katika damu. Aliyekoswakoswa na bodaboda hutulia baada ya muda mfupi. Anayefokewa kila asubuhi, na hathubutu kujibu kwa kuhofia kibarua chake, hapati nafasi ya kutulia, na mishipa yake ya damu huchakaa kabla ya wakati. Kapime presha mwezi huu, hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu mara nyingi haina dalili. Ama wakuu wa ofisi wanaosoma ukurasa huu, nawaomba wajiulize ni maamuzi gani madogo ya kila siku ambayo wangeweza kumwachia tarishi wao.

Swali: Mimi ni mwalimu wa Nakuru. Filamu ilinivutia, lakini sikuona kwa nini afya ya binadamu ipimwe kwa nyani.

Jibu: Mwalimu, pingamizi lako lina uzito. Hata hivyo, Sapolsky alikuwa na sababu: nyani wa Mara hupata chakula cha kutwa kwa saa chache tu, hivyo muda unaobaki huutumia kusumbuana wao kwa wao. Alipopima damu yao aliona kwamba, kwa kawaida, wanyonge ndio waliokuwa na kotisoli nyingi zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walikula nyama yenye kifua kikuu kutoka jalala la hoteli ya watalii, wakafa. Kundi likabaki na madume wapole, na hata madume wageni waliohamia baadaye waliiga upole huo, hali iliyodumu kwa miaka mingi. Nakubaliana nawe kwamba hilo ni kundi moja tu, na filamu inalitegemea mno inapofikia hitimisho lake.

Swali: Baada ya kuitazama, mume wangu amekataa dawa za vidonda vya tumbo akidai ni mawazo tu. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Amekosea. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria wanaosababisha vidonda hivyo. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Mawazo yanaweza kuzidisha hali, lakini kuyatuliza peke yake hakuui bakteria. Amalize dozi.

Swali: Nina mtoto mwenye selimundu. Niliposikia katika filamu kwamba akina mama kama mimi seli zetu huzeeka haraka, nililia. (Mama, Kisumu)

Jibu: Pole sana, mama. Utafiti huo wa mwaka 2004, wa Elissa Epel na Elizabeth Blackburn, ulihusu wanawake 58 pekee. Kwa wastani, waliouguza watoto hawakutofautiana na wengine katika urefu wa telomea, yaani ncha zinazolinda kromosomu. Telomea zilikuwa fupi zaidi kwa waliojiona wameelemewa sana, na kwa waliouguza miaka mingi zaidi. Kwa hiyo kuwa mama wa mtoto mgonjwa si hukumu juu ya mwili wako. Watafute akina mama wenzako siku ya kliniki ya selimundu, mzungumze, kwa maana wao hawahitaji kuelezwa usiku wa maumivu ulivyo. Tena umwombe ndugu mmoja unayemwamini akae na mtoto nusu siku kila wiki, na nusu siku hiyo usiitumie kufua.