Mwanangu, nusu ya ugonjwa huo imetoka kwako

Shangazi, ninaishi Geita na nina watoto wawili. Wa kwanza, mwenye miaka 6, ni mzima. Wa pili, mwenye miaka 2, amepimwa na kadi yake imeandikwa SS, yaani ana selimundu. Mke wangu alikutwa na AS. Mimi sikupima, kwa kuwa sijawahi kuugua. Kwetu ugonjwa huu haupo. Mdogo wangu tu ndiye aliyefariki akiwa na miaka 9 kwa kurogwa, baada ya kuumwa viungo mara kwa mara na macho kuwa ya manjano. Usiku nilikuwa nikisikia mtoto akilia mpaka alfajiri, mama yake akimkanda miguu. Mama yangu amesema nioe katika ukoo safi, na mke nimeshamrudisha kwao pamoja na mtoto. Je, nimekosea?

Mwanangu, pole kwa maradhi ya mtoto. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na anayestahili kuhurumiwa zaidi si aliyeiandika. Wewe ulikuwa “ukisikia” kilio. Aliyekuwa akichemsha maji usiku wa manane na kukanda vile viguu vilivyovimba ndiye uliyemfungashia virago.

Umekosea, na kosa lako linaanzia kwenye damu usiyotaka ipimwe. Kila mtu hurithi vinasaba viwili vya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu: kimoja kwa baba, kingine kwa mama. Mwenye viwili vya kawaida ni AA. Mwenye kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu ni AS, naye kwa kawaida huishi na kuzeeka bila kujua amebeba nini. Mwenye viwili vya selimundu ni SS, na chembe zake hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo ya damu, ndipo mtoto anapovimba mikono na miguu na kulia usiku kucha. Mkeo ametoa S moja, na hakuwa na nyingine ya kutoa. Ya pili, mwanangu, imetoka kwako. Jambo hili halikuanza kujulikana jana: mwaka 1949 daktari James Neel wa Marekani alionyesha kwamba wazazi wa mtoto mwenye ugonjwa huu wote wawili huwa wamebeba kinasaba chake. Unajitetea kwamba hujawahi kuugua, lakini hata mkeo hajawahi.

Kuhusu marehemu mdogo wako siwezi kuapa, kwa kuwa hakupimwa. Lakini maumivu ya viungo yanayokuja na kuondoka, macho ya manjano na kifo cha utotoni ni dalili ambazo muuguzi yeyote wa kliniki ya selimundu angezitambua, na kama ndivyo ilivyokuwa, basi baba yako na mama yako wote wawili wana S. Mama anayetafuta ukoo safi huenda anayo ndani ya mishipa yake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Huo ukoo safi utaupata wapi? Kinasaba hiki kimeenea katika nchi za malaria kwa sababu mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyobainisha mwaka 1954 baada ya utafiti wake Afrika Mashariki. Kanda ya Ziwa malaria imekaa vizazi na vizazi, na S imekaa nayo. Ukioa mwingine bila kupima, unaweza kumkuta naye ni AS, na kila mimba ya wazazi wawili wa AS ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa SS. Nasema kila mimba: kuzaliwa kwa mgonjwa mmoja hakuwakingi watatu wanaofuata.

Vijana wa leo mnanisikitisha. Kamati ya harusi hukaa vikao miezi mitatu ikijadili ukumbi, sare na keki, lakini bwana na bibi harusi hawatengi asubuhi moja ya kwenda kupima himoglobini pamoja. Kisha mtoto akizaliwa mgonjwa, mnaanza kuhesabu makaburi ya ukweni.

Wiki hii nenda ukapime. Majibu yakishatoka, uende nayo ukweni ukiwa na mzee mmoja wa kwenu, umwombe mkeo radhi mbele ya wazazi wake, naye akikataa kurudi, usimlazimishe. Mtoto anahitaji kliniki bila kukosa, foliki asidi, dawa ya kuzuia maambukizi, chandarua na maji ya kutosha. Muulizeni daktari pia kuhusu haidroksiurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Huyo mkubwa naye apimwe, ajue hali yake kabla hajafikia umri wa kuoa au kuolewa. Na zamu ya kuchemsha maji usiku, mwanangu, sasa ni yako.