Uso "mwepesi wa kulowa"

SWALI: Ninatafsiri makala ya sayansi kuhusu nyuso zenye utelezi zilizotiwa mafuta, ambazo namna zinavyopokea maji hubadilika kufuatana na joto. Nimeandika "ulowekaji wa uso hubadilika". Mwenzangu anashikilia kwamba ingekuwa "unyevu wa uso". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, hayupo, ingawa nyote mmekaribia.

Unyevu ni maji ambayo tayari yapo. Ukuta una unyevu, hewa ina unyevu. Makala yako haisemi kuna maji kiasi gani; inasema juu ya tabia ya uso pale maji yanapoufikia.

"Ulowekaji" una kosa lililojificha zaidi, nami nalipenda kwa sababu linafunua jambo zuri la lugha yetu. Kiishio -ika/-eka tumezoea kukiona katika "vunjika" na "someka", yaani kitu kupatwa na hali au kukubali kutendwa. Lakini kipo kingine kinachofanana nacho kwa sura tu, cha kukiweka kitu mahali au katika hali fulani: anika, funika, tundika, zika. "Loweka" ni wa kundi hilo. Nguo hailoweki, mtu huiloweka. Kwa hiyo ulowekaji ni kazi ya mtu mwenye beseni, si sifa ya uso.

Kitenzi unachokitaka ni "lowa", au "lowana" ukipenda. Na sifa? Kiswahili kina muundo ulio tayari: mwepesi wa kusahau, mwepesi wa hasira. Basi sema uso mwepesi wa kulowa, na kinyume chake, uso mgumu kulowa. Jina lake liwe "wepesi wa kulowa". Wanasayansi huupima kwa pembe ya mguso, ile ambayo ukingo wa tone hufanya na uso: ikipungua chini ya nyuzi 90 uso ni mwepesi wa kulowa, ikizidi hapo ni mgumu.

Kabla hujalitumia neno hilo kila mahali, tazama tone lenyewe linafanya nini. Nyuso hizi zenye utelezi zilijulikana sana kuanzia mwaka 2011, kwa kazi ya Joanna Aizenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, walioiga mmea wa Nepenthes, unaonasa wadudu kwa jani lenye umbo la mtungi. Mdomo wa mtungi wa mmea huo hulowa, ukabaki na utando wa maji, na mdudu akikanyaga hapo anaporomoka ndani. Umelowa, na kwa sababu hiyo hiyo unateleza! Kulowa na utelezi, basi, si vinyume.

Chukua uso uliosharabu nta. (Nasema "uliosharabu", si "uliopakwa", maana kilainishi kimeingia katika vitundu vyake.) Nta ikiwa imeganda, tone la maji hung'ang'ania hata ukiuinamisha uso. Pasha moto hadi nta iyeyuke, tone lile lile linashuka. Hapo kilichobadilika hasa ni kunata na kuteleza. Nta haipendi maji ikiwa imeganda wala ikiwa imeyeyuka. Kwingine mabadiliko ni ya kulowa kweli: ipo polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo) ambayo chini ya nyuzi 32 hivi za sentigredi hupenda maji, na juu ya hapo huyakataa. Isome makala yako tena uone inazungumzia lipi.

Jambo dogo la mwisho. Watu husema "sakafu inateleza", na anayeanguka ni mtu. Ni Kiswahili safi kabisa, ila katika maandishi ya kitaalamu liache tone liteleze, na uso uwe "wenye utelezi", msomaji asijiulize ni kipi kinachosogea. Na kwa kuwa kinachopimwa ni kiwango, andika "halijoto", si "joto" tu:

"Halijoto inapopanda, wepesi wa uso huo wa kulowa hupungua."