Dashibodi inaonyesha wanafunzi 41 wekundu. Nianzie wapi?

SWALI: Nafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, mwaka wa kwanza, wanafunzi 180. Moodle yetu, mfumo wa masomo mtandaoni, imewekewa dashibodi inayompa kila mmoja rangi ya kijani, njano au nyekundu kwa kuangalia ameingia mara ngapi na amekaa muda gani. Wiki ya 4 hii, 41 ni wekundu. Nimewaandikia wote barua pepe, wamejibu watatu. Takwimu hizi zinanisaidiaje kufundisha? – Mhadhiri msaidizi, Dodoma

JIBU: Mwalimu, kabla ya barua pepe ya pili, waulize hao 41 noti wanazipata wapi. Niliwahi kumwita ofisini kijana aliyekaa mwekundu wiki 3. Kumbe mwenzao mmoja hupakua PDF zote na kuzirusha kwenye grupu la WhatsApp, wengine wanaokoa bando. Kijana alikuwa anasoma kuliko wengi wa kijani. Taa hizi za rangi si ngeni: Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilizitumia katika mfumo wa Course Signals, na madai kwamba zilizuia wanafunzi kuacha masomo yalikuja kupingwa, hesabu zake zilipokaguliwa.

Mimi ningeziacha rangi, nikafungua majibu yenyewe. Kama mazoezi yenu yanasahihishwa kwa CodeRunner, programu inayosahihisha msimbo ndani ya Moodle, kila jaribio limehifadhiwa pamoja na msimbo wake. Chukua zoezi la kusoma namba mbili na kutoa jumla. Mwanafunzi anaandika:

a = input()
b = input()
print(a + b)

Anaingiza 10 na 5, inatoka 105. Python haikulalamika, kwa sababu input() hurudisha maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu. Ukihesabu jumbe za makosa peke yake, hili hulioni kabisa. Ukikuta 105 kwa makumi ya wanafunzi, wa kijani wakiwemo, basi mhadhara ndio uliopwaya. Jumatatu anza na mistari hiyo mitatu kwenye projekta, kila mtu aandike jibu analotarajia kabla hujaiendesha. Ndipo ulete int(), inayogeuza maandishi kuwa namba.

Halafu fungua ripoti ya Moodle ya takwimu za maswali ya kwizi. Safu moja hukuonyesha swali lilikuwa rahisi kiasi gani, nyingine kama linawatenganisha wanaoelewa na wasioelewa. Hii ya pili ikiwa hasi, waliofanya vizuri kwingine ndio wanaolikosa, kwa hiyo shuku swali lako kwanza. Langu moja lilitaka “Jumla”, nusu ya darasa wakaandika “jumla”, wakahesabiwa wamekosa.

Kuhusu nani wa kumfuata mmoja mmoja: mwaka 2006 mtafiti Matthew Jadud alipendekeza kipimo kinachoangalia makosa yanayofuatana mwanafunzi anapokompaili, yaani anapoigeuza programu yake iweze kuendeshwa na kompyuta. Wazo lake linafaa hata kwa Python. Anayepata makosa 10 tofauti anasonga mbele. Anayepiga SyntaxError (kosa la uandishi wa msimbo) ile ile mara 6 mfululizo, akibadilisha mabano kwa kubahatisha, huyo mkalie pembeni leo maabara. Na mwangalie pia aliyepata alama zote kwa jaribio moja, dakika 2 tangu afungue zoezi. Kwenye dashibodi yako huyo huenda ni kijani. Mwombe tu akueleze mstari wa 3 unafanya nini.

Majina yasionekane kwenye projekta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mwanafunzi aliyeanikwa mbele ya darasa hatakuuliza swali tena.