Blichi ya nyumbani: mizizi njano, katikati chungwa

Dada, umeuliza kama upake blichi tena kichwa kizima kwa sababu mizizi ya nywele imetoka njano mpauko na katikati imebaki chungwa. Hapana, usipake kichwa kizima. Joto la ngozi ya kichwa huharakisha blichi, ndiyo maana mizizi imetangulia; ukirudia kote, itazidi kutangulia na nywele zitakatika.

Kwanza lowesha unywele mmoja, uvute taratibu. Ukinyooka kama ubigijii bila kurudi, acha blichi kabisa, na hata tona, ile rangi nyepesi ya kuzima njano au chungwa, isubiri.

Unywele ukiwa imara, changanya poda ya blichi gramu 20 na oksijeni (peroksaidi ya kuchanganyia blichi) ya asilimia 6 mililita 40, kwenye bakuli la plastiki, kamwe si la chuma. Ya asilimia 12 usiiguse. Paka kwa brashi nyembamba kwenye chungwa tu, tena ishia nusu sentimita kabla ya sehemu ya njano, kwa kuwa mchanganyiko husambaa wenyewe. Futa kidogo uangalie kila dakika 5. Ikifika njano, suuza mara moja, hata kama muda wa kwenye pakiti haujaisha.

Tona ndiyo ya mwisho: zambarau huzima njano, bluu huzima chungwa. Wengi hukosea hapa, wakiweka shampuu ya zambarau juu ya chungwa na kushangaa haibadiliki. Mizizi hunywa tona haraka, basi anza katikati, mizizi uimalizie dakika chache za mwisho.