Tairi Lilelile, Rimu Mpya, Mbona Linateleza?

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha baiskeli ya milimani, mara nyingi njia za mchanga za msitu wa Arabuko-Sokoke, na nikipata nafasi nafika Marafa. Nimeweka rimu pana mbele, tairi ni lilelile la upana wa inchi 2.25. Sasa kwenye kona baiskeli inagoma kulala, halafu ghafla gurudumu la mbele linateleza kwa upande. Je, tairi limechoka?
Msomaji, Gede

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa michubuko, maana gurudumu la mbele likiteleza hivyo, kuanguka hakuna mjadala. La nyuma likiteleza angalau unaweza kulirudisha.

Tairi halijachoka, limebadilika umbo. Chuchumaa mbele ya baiskeli ulitazame usawa wa macho. Kwenye rimu nyembamba mgongo wake ulikuwa mviringo. Rimu pana imezivuta mbavu nje, mgongo umekuwa bapa, na meno makubwa ya pembeni yamepanda karibu sawa na ya katikati. Ukiilaza baiskeli, tairi linakataa kwa sababu lina pembe ya kuvuka. Likishaivuka, meno yale yamekwisha kazi, na unakanyagia ubavu usio na meno. Mviringo hulala polepole, nawe unahisi mkononi unakaribia wapi.

Bapa nalo lina faida zake. Kwenye mchanga mlaini wa Sokoke ukienda moja kwa moja, meno mengi yanagusa chini kwa pamoja, na breki inashika vizuri. Lakini njia ya Marafa ina changarawe iliyotapakaa juu ya udongo mgumu, na hapo ni meno ya pembeni tu yatakayokuokoa konani.

Chukua rula upime rimu kwa ndani, ukuta hadi ukuta. Ukikuta milimita 35, tairi la 2.25 ni jembamba mno kwake; tafuta la 2.6, lenye mgongo wa mviringo na meno ya pembeni yaliyosimama imara. Kwanza hakikisha uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, una nafasi ya kutosha kulipitisha. Kama ile rimu ya zamani ya milimita 25 bado unayo, irudishe, utaokoa pesa.

Usijaribu kurekebisha kwa kujaza upepo. Litaumuka kidogo katikati, ni kweli, lakini litadundadunda juu ya changarawe na kushika kutapungua zaidi. La nyuma liache lilivyo.