Maswali Yenu: Usiku wa Dar, bendi, stendapu na bili aliyoachiwa muhudumu

Safari hii barua nyingi zimekuja za mambo ya usiku, baa, kumbi, bendi, na ugomvi wa hela. Nimechagua nne, mbili nimezijibu kwa kirefu maana zinastahili, wengine msinune zamu yenu itafika.

*

"Shikamoo anti. Nimehamishiwa Dar kikazi natokea Njombe, nina miaka 27 na pombe situmii kabisa. Wenzangu ofisini kila Ijumaa wanaenda baa, nikisema twende wote wananiuliza asiyekunywa anaenda kufanya nini kule. Mi napenda muziki wa dansi sababu marehemu baba alikuwa anausikiliza redioni kila siku, na vichekesho pia napenda. Nianzie wapi?" Kijana wa Tabata

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba. Umeniandikia jambo ambalo liko moyoni kwangu kabisa, mi mwenyewe bendi nimezifuata miaka na miaka na mezani kwangu ni soda na maji, hakuna aliyewahi kunifukuza.

Muziki aliokuwa anausikiliza baba yako redioni ulikuwa unarekodiwa hapahapa Dar, pale RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi zinaingia studio za redio zinapiga nyimbo mpya na nchi nzima inasikia, Njombe mpaka Kigoma. Sasa katika bendi hizo kuna mbili ambazo mtu wa dansi lazima azijue. Ya kwanza Msondo, hii ilianza 1964 kama NUTA Jazz, NUTA ikiwa chama cha wafanyakazi, baadae chama kikawa JUWATA bendi nayo ikawa JUWATA, kikaja OTTU ikawa OTTU, ndo mwisho ikabaki Msondo Ngoma. Kwa hiyo ukisikia wazee wanataja majina matatu manne ujue ni bendi moja. Ya pili Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae, iliundwa 1978 na jina lake la kwanza lilitokana na baa ambako ilikuwa ikipiga, halafu 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mzee Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba NUTA, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, akapita bendi ya OSS, yaani Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Mashabiki wa pande zote mbili wanamdai ni wao, na kwa kweli wote wana haki.

Nakuambia haya ili ukienda usikae kama mgeni. Dansi la namna hii halianzi kwa kelele. Mwanzo taratibu, waimbaji wawili watatu wanapokezana, kisa kinasimuliwa, mtu kaachwa, ndugu wanagombea mirathi, we sikiliza maneno kwanza. Halafu gitaa la solo linaanza kuchokoza, rizimu inajibu, tarumbeta na saksafoni zinaingia, tumba linakolea, hapo ndo utaona wazee wa miaka sabini wanainuka na wake zao taratibu bila papara. Ukiguswa na mwimbaji nenda mbele umtunze, hata noti ya elfu moja inatosha, usione aibu ndo utamaduni wenyewe. Na kiingilio lipa. Naona siku hizi watu wanabembeleza mlangoni "mi namjua fulani", jamani, jukwaani kuna watu kumi na kitu na kila mmoja ana nyumba inamsubiri.

Ukumbi gani na siku gani nisikudanganye, bendi zinahama viwanja, angalia ukurasa wao wiki hiyohiyo au piga simu kabla hujatoka. Hela yako igawe nyumbani kabisa: nauli ya kurudi iweke pembeni ya kwanza maana usiku daladala zinakuwa za kubahatisha na boda anataja bei anayotaka, halafu kiingilio, kinachobaki ndo chakula. Na hapo kwenye chakula ndo jibu la wenzako wa ofisini. Asiyekunywa baa anakula! Agiza mishkaki na ndizi za kuchoma, kuku, supu, muhudumu umpe chake kidogo, utakaa mpaka wafunge na hakuna atakayekununia. Anayenuniwa ni yule anayeshika meza ya watu wanne na maji ya chupa ndogo moja tangu saa mbili.

Vichekesho navyo. Sisi tumelelewa na maigizo, King Majuto wa Tanga ambaye alitutoka 2018, halafu wakaja vijana wa Ze Comedy pale EATV kina Joti, Masanja na Mpoki wakahamia TBC na Orijino Komedi, nchi nzima ilikuwa inakaa mbele ya tv. Ila stendapu ni kitu kingine. Kule kuna mavazi, kuna wenzako wa kukubeba, huku mtu kasimama peke yake na maiki na watu wanamkodolea macho, asipochekesha ndani ya dakika moja anaonekana. Majukwaa kama Cheka Tu yamewatoa vijana wengi kwa njia hii na mimi nawaheshimu sana, ni kazi ngumu mno. Ukienda, zingatia mawili tu. Viti vya mbele ni vya wanaokubali kutaniwa, utaulizwa kabila, kazi, na huyo uliyekaa naye ni nani, kama hutaki kaa katikati. Na usirekodi. Mchekeshaji anatunga kichekesho anakijaribu huku anakirekebisha kule, wewe ukikiposti leo kesho akisimama Mwanza watu wanamalizia panchi yeye hajafika, umemharibia kazi ya miezi.

*

"Anti mambo. Mimi na shoga yangu tunapenda kutoka Jumamosi tupumzike tuongee, lakini hatumalizi nusu saa tunaletewa bia 'zimetumwa na kaka wa kaunta'. Tukikataa tunaonekana tunaringa, tukipokea kaka anahamia mezani. Tufanyeje? Na bili zetu kila siku zinazidi." Wa Mwenge

Poa mdogo wangu. Bia ya kutumiwa unaikataa kwa muhudumu na siyo kwa kaka. Mwambie muhudumu kwa upole mkifika tu, kabla hata hamjaagiza, "dada leo meza hii tunajilipia, ikija ofa rudisha kaunta tuambie usituwekee". Wahudumu wanaelewa hii lugha sana na wengi watakulinda wakishajua msimamo wako, ila bia ikishafunguliwa kurudi haiwezekani tena, lazima mtu ailipie, na hapo ndo maneno yanapoanzia. Kuringa mwache aseme unaringa. Hujaenda pale kumfurahisha.

Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, siku zote, hata kama umemzoea muhudumu miaka mitano. Na mkienda chooni nendeni kwa zamu au maliza glasi kwanza, kinywaji ulichokiacha bila mtu ukirudi ni cha kumwaga, usikionee huruma hela yake.

Bili kuzidi dawa yake ni ya zamani na haijashindwa: chupa tupu zisiondolewe mezani mpaka mlipe, na vizibo viwekwe kwenye kisosi. Bili ikija mnahesabu wote na muhudumu, vizibo vinasema sita bili inasema nane, hakuna ugomvi hapo, inarudi kaunta. Mkilipa kwa lipa namba someni jina linalotokea kabla hamjaweka namba ya siri, liwe la baa siyo la mtu.

*

"Baa imefunguliwa jirani, spika zimeelekezwa kwetu, mtoto ana mtihani. Nimeongea na mwenye baa amenicheka." Baba wa Kimara

Kaka pole sana. Usirudi kwa mwenye baa peke yako. Nenda serikali ya mtaa na majirani angalau watatu, barua iandikwe, tarehe na saa za kelele ziorodheshwe, nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Isipobadilika chukua nakala hiyo upeleke NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2015 na zinaweka viwango vya makazi vya usiku tofauti na vya mchana, na mwaka 2023 tuliona kumbi na baa zikifungiwa kwa kosa hilihili. Wao wanakuja na kipimo, kwa hiyo hutabishana na mtu kwa maneno. Mtoto kila la heri.

*

"Shikamoo anti. Nafanya kazi baa moja Sinza, muhudumu. Mwezi uliopita meza ya watu sita walikunywa wakala, mi nimeingia jikoni kufuata kuku wao wa mwisho kutoka wameondoka wote. Bili ilikuwa elfu 86. Meneja akaikata yote kwenye mshahara, napokea laki mbili na arobaini nikapewa laki na hamsini na nne. Akasema ndo utaratibu wa baa zote, na anataka tusaini karatasi kwamba hasara yoyote ni ya muhudumu. Nina mtoto anasoma. Nisaini?" Dada wa Sinza

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na imeniuma. Watu wengi hawajui mambo yanavyoenda nyuma ya kaunta, wanadhani bia ikitoka hasara ni ya tajiri, kumbe baa nyingi muhudumu ndo anaandikiwa vinywaji kwa jina lake na usiku wakati wa kufunga hesabu anatakiwa azirudishe hela zote. Anayekimbia bili anaona amemkomoa mwenye baa, kumbe amekuibia wewe.

Sasa sheria. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, ukitafuta utaipata kwenye simu, soma kifungu cha 28. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara kwa kujisikia. Lazima wewe uwe umekubali kwa maandishi, na hata ukikubali bado kuna masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu na kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya laki mbili na arobaini ni elfu 60. Kwa hiyo hata kama kweli ungekuwa na kosa, ile 86 kwa mkupuo haikubaliki. Na mi sioni kosa lako liko wapi, ulikuwa jikoni unafuata oda ya wateja haohao, mlangoni kuna baunsa analipwa kuangalia nani anatoka.

Umeona kwa nini anaitaka hiyo karatasi? Anatafuta kile kibali cha maandishi ambacho hana.

Kuna na kingine hukuniuliza ila nakwambia. Kifungu cha 20, saa za usiku zinahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa utakayofanya humo unatakiwa kuongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Wewe ukiingia saa 10 jioni ukatoka saa 7 usiku una saa tano za namna hiyo kila siku, angalia salari slipu kama zimo. Kama hujawahi kupewa mkataba, kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na asipokuwa nayo mkifika kwenye shauri mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Anza kwa kumwandikia meneja kwa adabu kabisa umuombe maelezo ya yale makato kwa maandishi, piga picha barua yako. Waulize na wenzako, nina uhakika siyo wewe peke yako. CHODAWU ndo chama cha wafanyakazi wa mahoteli na sehemu kama zenu, nendeni wawili watatu mkajiunge, watawaongoza. Ikishindikana kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kufungua shauri huhitaji wakili, ila kwa jambo la makato una siku 60 tu tangu mgogoro ulipotokea, na ya kwako imeshapita mwezi. Akikufukuza kwa sababu ya haya siku zinapungua, ni 30.

Na kazini kuanzia leo meza ngeni ya watu wengi waombe walipe kila raundi, sema ni utaratibu wa kaunta, muungwana hatokasirika. Barua ya meneja iandike kesho kabla ya zamu, akikujibu nitumie nione alichosema.