Miche ya mikoko inakauka kwenye mashamba ya chumvi: anzeni na maji

Dada, nimekuelewa: kikundi chenu hapo Bagamoyo kimepanda mikoko kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, miche inakauka, na mmeshauriwa mtengeneze modeli ya maji ya kompyuta. Ushauri ni mzuri, ila msianze na kompyuta.

Modeli hukokotoa kile mnachoipa tu. Tofauti ya sentimita 10 za mwinuko inaweza kuamua kama mche utafikiwa na maji kila siku au wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) peke yake. Kwa hiyo chomekeni vijiti vyenye alama, mwandike maji yamefika wapi wakati wa bamvua na wa maji mafu (bahari inapojaa kidogo), na yamekaa muda gani kabla ya kutoka. Mpira wa maji wa fundi mwashi unatosha kulinganisha miinuko. Penye ukoko mweupe wa chumvi juu ya tope, mara nyingi tuta la shamba la chumvi ndilo limezuia maji. Hapo hata mchu, aina ya mkoko unaovumilia chumvi kuliko wenzake, utahangaika.

Kisha mtafuteni mhaidrolojia, yaani mtaalamu wa mwenendo wa maji. Programu ya HEC-RAS, ya kutengenezea modeli ya maji, ni ya bure, na itawaonyesha tuta likatwe wapi. Likikatwa pabaya, maji hukimbia kwa kasi na kumomonyoa mfereji, au hufurika shamba la jirani anayevuna chumvi. Tafadhali msikate kabla ya kupata kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania).

Na fedha za miche msizitumie kwanza. Maji yakirudi, na kama kuna mikoko mikubwa karibu, mbegu huletwa na maji yenyewe.